Bwana Schellhorn na Goli Lililomgonga Tumboni

Tarehe 30 Juni 1929 Bwana Ehrenfried Schellhorn, Katibu wa Ligi ya Soka ya Bonde la Werra, atastaafu rasmi baada ya kuitumikia ligi yetu kwa miaka ishirini na mitano na miezi kumi. Miezi hiyo kumi ameniagiza nisithubutu kuiacha. Mimi nimekaa kwenye meza inayotazamana na yake kwa miaka tisa, nikipiga taipu kila alichoandika. Kwa hiyo Kamati iliponiomba wasifu huu, nilijua la kufanya: nitaje sifa zake zote, na katika kasoro zake nitaje zile tu zinazochekesha.

Ligi ilizaliwa tarehe 1 Septemba 1903, katika chumba cha nyuma cha baa ya Simba Mwekundu hapa Mühlrode. Klabu zilikuwa tano, mipira mitatu, na uwanja haukuwepo hata mmoja. Milingoti ya magoli ilitunzwa baani, na kila Jumapili wachezaji waliibeba mabegani hadi uwanja wa gwaride, huku vijana wa chama cha mazoezi ya viungo wakiwazomea njia nzima: "Haooo! Wagonjwa wa soka, ule ugonjwa wa Waingereza, wanapita! Leo mnamzika nani?" Bwana Schellhorn, wakati huo karani wa posta, alichaguliwa kuwa Katibu kwa sababu mbili. Mwandiko wake ulisomeka, na hakuwepo kikaoni kukataa.

Enzi hizo mwanafunzi wa sekondari aliyekamatwa akicheza soka alifukuzwa shule. Bwana Schellhorn, ambaye hajawahi kusema uongo, alipata taabu kubwa. Vijana walimwomba awaandike kwa majina ya bandia. Yeye akakubali kwa shingo upande, ila jina alilolikumbuka lilikuwa moja tu. Basi Jumapili moja ya mwaka 1905 Mühlrode iliteremsha dimbani kina Meier kumi na mmoja, Meier wa Kwanza hadi Meier wa Kumi na Moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Meier. Mkuu wa shule alisoma gazeti Jumatatu, akamwambia mkewe kwamba ukoo ule umebarikiwa sana uzazi.

Vita vilipokuja ligi ilifungwa miaka mitano. Kati ya kina Meier wale, walirudi sita. Mwaka 1919 Bwana Schellhorn alilifungua daftari la zamani, akafuta kila "Meier" kwa mstari mwekundu, na juu yake akaandika jina halisi la kila kijana, walio hai na waliokufa. Hakuagizwa na mtu. Nimeambiwa ilimchukua majira yote ya baridi.

Lakini nilisema nitachekesha. Kabla ya simu kufika bondeni mwaka 1911, klabu zilileta matokeo kwa treni, kwa baiskeli, na Krautwinkel, watani wetu wa jadi, waliyaleta kwa njiwa. Siku moja njiwa wao alitua juu ya mnara wa kanisa akakaa huko saa mbili, matokeo yakiwa mguuni, Katibu wetu akiwa chini anambembeleza kwa makombo ya mkate. Mchungaji akatoka kumtazama.

"Bwana Schellhorn, ibada imekwisha."

"Kwako imekwisha, Mchungaji. Mimi bado nasubiri ujumbe kutoka juu."

Klabu sasa ni kumi na mbili, zina viwanja, nyavu na ugomvi wa kutosha. Kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili Bwana Schellhorn amekaa kando ya simu, akipokea matokeo na kupanga msimamo wa ligi kwa ajili ya gazeti la Jumatatu. Katika miaka yote hiyo msimamo haukuwahi kukosewa hata pointi moja. Ukitaka ugomvi naye, andika tarakimu saba bila mkia, ikafanana na moja.

Mwezi Mei, nikikusanya habari za wasifu huu, nilimuuliza swali jepesi: ni mechi gani iliyompendeza kuliko zote?

"Ya tarehe 8 Mei 1910," akajibu bila kusita. "Krautwinkel nne, Mühlrode nne."

"Ilikuwaje?"

"Safi kabisa. Mwandiko ulisomeka bila miwani."

Nikaweka kalamu chini. "Bwana Schellhorn, wewe umewahi kutazama mpira?"

Akafikiri, maana mtu mkweli hujibu baada ya kufikiri. "Jumapili alasiri huwa niko kazini, Bi Wally."

Jamani! Robo karne! Nilikimbia hadi kwa mkewe, Bi Lina, ambaye hajakosa mechi ya Mühlrode tangu mwaka 1908. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akajipiga mapaja. "Miaka yote namweleza habari za kuotea, anaitikia 'ehe, ehe', kumbe hata goli hajui limekaaje!"

Ilibaki Jumapili moja tu ya msimu, tarehe 26 Mei, na mechi yenyewe ilikuwa ya kuamua bingwa: Mühlrode nyumbani na Krautwinkel. Sisi sare ilitutosha. Wao walilazimika kushinda, nao wameshika nafasi ya pili mara saba na ubingwa hawajauonja. Bwana Schellhorn tulimshikilia wiki nzima aende kuitazama.

"Simu ataipokea nani?"

"Mimi."

"Na tarakimu saba?"

"Yangu ina mkia. Nimefundishwa na wewe."

Akaenda, amevaa suti na kofia ya kanisani. Bi Lina alikwenda kwenye genge lake la siku zote, na mumewe, kwa kuwa hapendi msongamano, akatafuta mahali penye utulivu. Alipapata nyuma kabisa ya goli la Mühlrode, mahali ambapo mtu mwenye uzoefu hasimami. Krautwinkel walipofunga, alipiga makofi. Mühlrode walipokomboa, alipiga makofi yale yale. Muuza nyama wetu akamgeukia kwa hasira kutoka upande wa kona.

"We mzee, hueleweki! Uko upande gani?"

"Wa msimamo."

"Msimamo gani? Wewe huna msimamo wowote!"

Zikafika dakika za lala salama, matokeo yakiwa goli moja kwa moja. Winga wa Krautwinkel akaachia shuti ambalo golikipa wetu alilisindikiza kwa macho. Mpira ulipita chini ya mwamba wa goli, ukaingia wavuni, ukatokea kwenye tundu lililokaa hapo tangu Pasaka bila mtu wa kulishona, ukampiga Bwana Schellhorn tumboni. Akaketi chini kwenye nyasi, mpira mapajani, kofia imeanguka.

Mwamuzi alikuwa mbali na jua lilikuwa machoni mwake. Alichokiona ni mpira ulio nje, umepakatwa na mzee. Akaja mbio.

"Bwana, umepita ndani au nje?"

Bwana Schellhorn akafungua mdomo, halafu akaufunga. Kanuni ya kumi na nne ya ligi yetu inasema mtazamaji hatamshauri mwamuzi kwa neno wala kwa ishara, na aliyeitunga, mwaka 1907, ni yeye mwenyewe. Akaurudisha mpira kwa mikono miwili, kimya. Mwamuzi akaamuru upigwe kutoka golini, na punde akapuliza kipyenga cha mwisho. Mühlrode bingwa! Bi Lina alimkumbatia muuza nyama. Nahodha wa Krautwinkel, fundi mapipa mwenye mabega kama mlango, alijifunika uso kwa jezi akalia kama mtoto.

Saa kumi na moja na nusu Bwana Schellhorn aliingia ofisini na alama ya mviringo ya vumbi kwenye kizibao.

"Matokeo yameingia?"

"Yameingia. Moja kwa moja."

"Na goli nalo liliingia, Bi Wally."

Akanisimulia yote. Nilimuuliza, kwa kukosa la kusema, mpira ameuonaje. Akasema una kelele kuliko kwenye karatasi. Kisha akasema, "Nimewanyima. Neno moja tu lilitakiwa, nami nikawanyima."

Jumatatu msimamo wa mwisho ulikuwa mezani bila sahihi yake, na bila sahihi ya Katibu shirikisho la kanda haliupokei. Mwenyekiti wetu, Daktari Pabst, anayeng'oa meno ya mji huu, alifika saa nne asubuhi akiwa na koti la kazi.

"Ehrenfried, tia sahihi tukanywe. Bendi imeshaitwa."

"Nitatia. Uamuzi wa mwamuzi ni uamuzi. Lakini naongeza mstari mmoja chini."

"Mstari mmoja huo wakiusoma wanaweza kuamuru mechi irudiwe! Tutakosa kombe! Na unafahamu sherehe yako ya kuagwa ndiyo hiyo hiyo sherehe ya ubingwa? Watu watakutemea mate kwenye supu."

"Wewe unawang'oa meno, Daktari, na bado wanakusalimu."

"Nawang'oa mabovu! Ehrenfried, ulinyamaza uwanjani. Si unyamaze tena? Siku thelathini na tano tu."

"Uwanjani nilikuwa mtazamaji," akasema Bwana Schellhorn. "Hapa ni Katibu."

Daktari aliondoka akiuacha mlango wazi. Mimi nilipiga taipu nakala nne, na sioni haya kusema kwamba nilikosea mara mbili kwa sababu ya machozi. Tanbihi yenyewe ilisema hivi: "Dakika ya 89 mpira wa Krautwinkel ulipita ndani ya goli, ukatokea kwenye tundu la wavu, ukamgonga Katibu tumboni. Katibu alinyamaza." Akatia sahihi, akakausha wino, akapeleka posta mwenyewe.

Siku kumi na saba tulisubiri. Mwokaji alimuuzia mkate bila kumwangalia. Mtu aliandika MSALITI kwa chaki kwenye mlango wake; Bi Lina alilifuta kwa ndoo na brashi, ingawa alisema lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Jibu lilikuja Juni 13: uamuzi wa mwamuzi hauguswi, Mühlrode ni bingwa, na tanbihi ya Katibu ibaki kwenye kumbukumbu. Jioni hiyo mji ulimsamehe Bwana Schellhorn nusu nusu, kama unavyosamehewa ukichelewa kupuliza mshumaa wa keki yako mwenyewe.

Kesho yake simu ililia. Alikuwa Bwana Alwin Rübsam, Katibu wa Krautwinkel tangu enzi za njiwa. Sauti yake ni kubwa, niliisikia hadi mezani kwangu.

"Ehrenfried. Nimesoma. Kwa hiyo liliingia?"

"Liliingia, Alwin."

"Kweli kabisa?"

"Tumbo langu ni shahidi. Nisamehe."

Nikasikia yule mzee wa Krautwinkel akiweka simu kando, akifungua dirisha na kuwapigia kelele watu wake waliokuwa barabarani: "Liliingia! Jamani, Mühlrode wenyewe wameandika! Liliingia!" Na zikaja kelele, na vigelegele, na mtu akagonga sufuria. Kombe hawakupata. Lakini kelele zile sijawahi kuzisikia hapa kwetu, hata siku tuliyolipokea kombe.

Bwana Schellhorn, kwa niaba ya klabu zote kumi na mbili, wachezaji, waamuzi na kina Meier wote, tunakushukuru. Umetufundisha mkia wa tarakimu saba, na umetufundisha kwamba karatasi nayo ina heshima yake. Nafasi yako nimepewa mimi, na nakuahidi ule wavu umeshashonwa. Nimeushona mwenyewe, na ndiyo maana una rangi mbili.

Wasomaji wataka kujua atafanya nini baada ya kustaafu. Wiki hii amenunua tiketi ya msimu mzima, kwa mara ya kwanza maishani. Ni ya Krautwinkel. Bi Lina hajamsemesha tangu Alhamisi.

Maisha yako yawe mema na marefu, Mzee wetu. Na mwezi Oktoba ukija uwanja wa Mühlrode na Krautwinkel yako, njoo na koti zito: upande wa wageni hauna paa.

Wally Döbrich
Mpiga taipu wa Ligi, na kuanzia Julai, Katibu