Mashine Ikianza Kukamua

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, limesukumwa hadi kwenye ukuta wa nyumba ya shangazi yangu, chini kabisa ya dirisha la chumba cha kufulia. Hukaliwa na watu watatu. Kuna Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara na ndiye mwenye chupa ya kahawa. Kuna Mhandisi, fundi wa miavuli, ambaye hujamtajia kitu akakubali kwamba hakijui. Na kuna Breki, dereva wa malori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu huanza sentensi kwa kasi kisha husimama katikati. Siku hiyo nami nilikaa nao. Ndani, fundi wa mashine alikuwa akifunga beringi mpya kwenye mashine ya kufulia, na alinitoa nje kwa adabu nilipomuuliza kwa mara ya tatu kama ana hakika ile sili ya mpira haikukaa upande.

— Hebu lete nione hiyo mliyoitoa, alisema Kinyozi.

Nilimpa beringi ya zamani. Aliizungusha kwa kidole, ikakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga.

— Mbona nzima hii?

— Nzima wapi, nikasema. Sili ilichakaa, maji yakapenya, grisi ikaoshwa, gololi zikashika kutu. Ndiyo maana mashine ilikuwa inanguruma ikikamua, na shuka zinatoka na michirizi ya kahawia.

— Binti, huo ndio ubaya wa kusoma. Kitu kinanguruma mwaka mzima hakijafa, wewe unakifungua tumbo. Nina mteja alichechemea miaka na miaka, wala hana habari. Wakamnyoosha mguu. Leo akikutana na kizingiti anaanguka. Mwili ulishapiga hesabu zake kwa kuchechemea!

— Hapo umekosea, alisema Mhandisi, bila kuinua macho kutoka kwenye mwavuli aliokuwa akiushona. Tatizo ni kasi. Ile beringi mbovu ilikuwa ndiyo breki...

— Mimi usinitaje, alisema Breki.

— Ilikuwa ndiyo inayoizuia mashine isipitilize. Sasa mmeweka mpya. Pipa litazunguka bila kizuizi, litashika upepo, litanyanyuka. Nimeona kwa miavuli.

— Umeona mwavuli unakamua nguo?

— Nimeona mwavuli unapaa na mwenyewe. Mama mtu mzima, na mkoba wake. Alitua mbele ya duka la viatu.

— Mashine haiwezi kupaa, nikasema. Ndani ina kipande cha zege cha kuikalisha chini.

— Zege! Kinyozi alinigeukia. Kwani hiyo ni mashine au ghorofa?

— Itapaa nalo, alisema Mhandisi. Ndege ngapi zinapaa na mizigo?

— Haya, tuseme haipai, alisema Kinyozi akimimina kahawa. Nguo hazitatakata. Uchafu unatoka kwa vitisho, mwanangu. Doa likisikia ule mngurumo, lenyewe linaamua kuhama. Sasa wewe jifanye doa. Unafuliwa kimyakimya, kwa upole. Utaondoka kwa sababu gani?

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Namba ya kununulia beringi niliisoma juu ya kutu kwa tochi ya simu, na tangu asubuhi nilikuwa najiuliza kama ile tarakimu ya mwisho haikuwa nyingine. Lakini hasira yao ilinishangaza.

— Kwani nyinyi inawauma nini? nikauliza. Mashine si ya shangazi?

Wote watatu walitazama dirishani, kisha wakatazama chini.

— Mwambie, alisema Kinyozi.

— Mwambie wewe, alisema Breki.

— Jambo lako, nimwambie mimi?

— Ni jambo langu, lakini mimi...

Sentensi ikaegeshwa hapo, na ikabidi Kinyozi anieleze, kwa sauti ya chini, huku Breki akikagua viatu vyake.

Shangazi ni mjane wa siku nyingi na mwalimu mstaafu. Mtaa mzima humwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Kila mashine ilipoanza kukamua alilazimika kusimama na kuishika kwa mikono miwili, la sivyo ingetembea hadi mlangoni. Kwa hiyo kulikuwa na dakika chache ambazo alikuwa nyuma ya ukuta huu, mkono ukinyooshwa unamgusa, na kwa mngurumo ule asingesikia hata ukuta ukibomolewa. Dakika hizo Breki alizitumia kujifunza kumposa. Karibu na miguu yao kuna bomba la maji machafu. Maji yalipomwagika walijua zamu ya kukamua imefika. Kila mara Breki alisimama, akaugeukia ukuta, akasema maneno yake kwa sauti yote, na benchi likamsahihisha.

— Na amefika wapi? nikauliza.

— Alianza na "Mwalimu". Siku hizi anafika "Mwalimu, mimi naomba".

— Kwa mwaka mzima?

— Si haba, alisema Kinyozi. Lori hilo lina mzigo.

— Mimi nilimshauri atangulize habari za afya, alisema Mhandisi.

— Afya? Anaposa au anapima presha?

Breki alivua kofia akaiweka gotini.

— Nikijua yuko hapo nyuma, alisema taratibu, nazoea. Kidogo kidogo. Nilikuwa nimebakiza maneno machache tu. Sasa mmemletea beringi, nitazoea wapi mimi?

Fundi akatoka na mfuko wake wa spana, akasema tayari, Mwalimu anaijaribu kwa shuka, akaondoka bila hata kunitazama, nadhani akiogopa swali la nne.

Wale watatu wakaanza ubishi wa kahawa, kama ya leo ni nyepesi au Kinyozi ameanza ubahili. Mimi nilibandika sikio ukutani. Sili ikiwa imekaa upande ingevuma. Beringi ikiwa ya namba nyingine ingegonga. Bomba likatapika maji karibu na miguu yetu, nikafumba macho nisikilize vizuri.

Hakuna kitu. Hakuna kugonga, hakuna kuvuma, ila pumzi moja laini inayopanda na kutulia. Furaha ilinijaa nusura nilie. Nilikuwa bado natabasamu ukutani nilipoelewa kimya kile kitamfichua nani, nikageuka.

Nilichelewa. Maji yalipomwagika tu, miguu ya Breki ilikuwa imeshamsimamisha kwa mazoea. Kifua kilishajaa, kofia iko mkononi, na sauti ilishatoka, sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa lori lililowashwa injini.

— MWALIMU! MIMI NAOMBA...

Mtaa ulisikia. Mtu aliyekuwa anafagia ng'ambo aliacha kufagia. Mteja alichungulia nje ya kibanda cha Kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Nadhani Breki mwenyewe hakuwahi kuisikia sauti yake mahali pale, kwa jinsi alivyoishangaa.

Dirisha likafunguliwa. Shangazi alikuwa na mikono mitupu, mashine haikuhitaji tena kushikwa, miwani iko puani.

— Naam, alisema.

Breki aliibana kofia yake kifuani.

— Anaomba maji ya kunywa, alisema Mhandisi.

— Sikukuuliza wewe.

— Ndiyo, Mwalimu, alisema Mhandisi.

Shangazi alimtazama Breki, kwanza juu ya miwani, kisha ndani yake.

— Mwaka mzima nasimama hapa nimeikumbatia mashine, nasikia "Mwalimu", siku hizi "naomba", halafu inameza yaliyobaki. Nimechoka, nimeitengeneza. Haya. Unaomba nini?

Kinyozi alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Mhandisi alifungua mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua wala jua, akajificha nyuma yake. Breki alinitazama mimi, nami nikatazama bomba.

Shangazi aliweka viwiko vyake juu ya kizingiti cha dirisha, na hakuonyesha kuwa na haraka yoyote.