Krismasi Hii Meki Anapika

Pale kijiweni Mabwerebwere pana benchi moja refu na birika la Hussein muuza kahawa. Paulo hupita hapo kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la vipuri vya baiskeli. Wamembatiza jina la Mshauri, maana hushauri hata asipoulizwa. Wiki moja kabla ya Krismasi alipaliwa na kahawa kwenye funda la kwanza, kwa neno alilolitamka Melkizedek, fundi wa kuchomelea mageti.

— Rudia, Meki. Umesemaje?

— Nimesema Krismasi hii napika mimi. Mke wangu atakaa sebuleni na wageni. Na itakuwa hivyo nyumbani kwangu kila mwaka.

Hussein alibaki ameinamisha birika. Kahawa ikajaa kikombeni, ikamwagikia ndala zake.

— Huyu kalishwa kitu, alisema Hussein.

— Hajalishwa, kafumaniwa! alisema Paulo. Mwanaume haingii jikoni sikukuu nzima bure bure. Hiyo faini.

— Au kahamia haya makanisa mapya, alisema Hussein.

— Mwakani mtasikia kajifungua!

Walicheka mpaka benchi likatikisika. Meki hakucheka.

— Mshauri, Krismasi za utotoni unazikumbuka?

— Nisizikumbuke? Kwetu Munisagara wali tulikuwa tunauona siku hiyo tu. Baba anachinja jogoo. Firigisi na paja moja ni vya baba, paja la pili la babu. Mimi kifungua mimba, kidari changu. Nina kaptula mpya, wameninunulia kubwa makusudi ili nikue nayo. Sasa wewe wanao watakumbuka nini? Baba kajifunga kanga kiunoni?

Wakati huo Namelok, mama wa Kimasai anayeuza maziwa, alikuwa amekwisha kutua dumu lake kando ya benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Naomba kuuliza. Mimi nimebatizwa Pasaka iliyopita, hii Krismasi ndiyo ya kwanza kwangu. Nataka nijue inavyokwenda. Huyo kuku, mama alikuwa anapewa kipande gani?

Paulo alifungua mdomo. Shingo? Hapana, shingo ilikuwa ya mdogo wake Evance. Miguu waligombania mapacha. Katika kumbukumbu alimtafuta mama yake kwenye mkeka wa kulia, kati ya watoto na wageni, asimwone. Alichokiona ni mkono tu, ukipitisha sinia mlangoni.

— Si... alikuwa jikoni.

— Anakula nini?

Paulo alimgeukia Hussein.

— Usiniangalie mimi, alisema Hussein kwa sauti ndogo. Mimi hapa nawaza Idi za kwetu.

— Mimi nilimuuliza mama yangu kabla hajafariki, alisema Meki. Nikamwambia, mama, Krismasi zile unakumbuka nini? Akasema moshi.

Namelok alijitwika dumu lake akaaga. Paulo alitoa simu, akapiga Munisagara.

— Mama, shikamoo.

— Marahaba, baba. Kuna msiba?

— Hakuna msiba. Mama, tulipokuwa wadogo, Krismasi ulikuwa unakula nini?

Mama yake, Bi Magreti, alicheka. Sauti ilisikika benchi zima.

— Umeota nini leo? Nilikuwa nakwangua ukoko, nachovya kwenye mchuzi uliobaki. Mtamu!

— Na nyama?

— Nyama ilikuwa yenu. Sasa ndio mnaniletea, na meno yenyewe yameisha. Kuku wa kienyeji nitamtafunia nini, mwanangu?

Paulo aliagana naye, akakaa simu mkononi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwahi kuuliza. Hussein alimjazia kikombe, hakukigusa.

— Meki, alisema hatimaye, kuku wa kienyeji unamchemsha muda gani mpaka alainike kabisa, mtu asiye na meno aweze kumla?

Meki alikuna kichwa, akamtazama Hussein. Hussein akalitazama birika lake. Benchi zima halikuwa na aliyejua.