Marehemu Stanislas Mushagalusa, Mutengenezaji wa Filamu za Mazimu

Wazazi wetu, majirani, choristes, na ninyi wote wenye muliacha kazi juu ya kuketi na sisi chini ya hii bâche ya matanga, familia inawasalimia, na mwenye alitumwa kuwasomea ni mutoto wa dada ya marehemu, huyu Josué mwenye anasimama mbele yenu, licencié en sociologie tangu 2001 na chômeur, mutu bila kazi, tangu siku ile ile. Karatasi yenye familia iliandika jana ilikuwa na mistari kumi na mbili, safi kabisa, na ndani yake marehemu alikuwa «photographe», mupiga picha tu, point. Karatasi yenye Josué iko nayo mukononi sasa si ile. Papa Marcellin, kaka mukubwa wa marehemu, tunamuomba asikasirike mbele ya watu, akasirike kisha.

Marehemu Stanislas Mushagalusa alizaliwa Nyangezi, tarehe 9 mwezi wa tatu 1958, mutoto wa ine katika watoto saba, akabatizwa pale pale mwezi wenye kufuata, akasoma shule ya msingi kwa parokia kuanzia 1964 mpaka 1970, kisha sekondari hapa Bukavu, na mwaka 1978 akapata diplôme d'État na 52%. Karatasi ya jana ilisema 60. Yeye mwenyewe hakufichaka ile namba hata siku moja, ni sisi tuko watu wa kufichaficha.

Alianza kazi ya picha mwaka 1980, akafungua studio kidogo Ibanda, na tarehe 12 mwezi wa saba 1986 akafunga ndoa na Maman Adèle, mwenye muko munamuona pale mbele, Mungu akawapa watoto watatu, Lydie mwaka 1987, Dany mwaka 1990 na Bintu mwaka 1994. Mwaka 1989 alipata kamera ya video, ile ya cassette kubwa, na tangu pale hakuna ndoa, première communion wala matanga ya muji huu yenye hakuiingia na ile kitu begani, akitembea kinyumanyuma kati ya viti na kuomba pardon.

Vita ya kwanza ilipoingia muji, mwezi wa kumi 1996, marehemu alikimbia na watu wake kwa miguu upande wa Nyantende, Bintu juu ya mabega ya baba yake, na kamera kwenye mugongo wa Maman Adèle, imefungwa ndani ya kikwembe, na bonnet, kofia ya mutoto, juu yake. Kwa barrière, kwenye walifunga njia, askari akauliza, «Maman, mbona huyu mutoto haliye?» na Maman Adèle akajibu bila kupepesa macho, «Iko na surua, tata, usimufunue, itakushika na wewe,» askari akaruka nyuma, «Pita! Pita mbio!» na tangu siku ile kamera ikaitwa Surua ndani ya nyumba yao.

Vita ya pili ilipofika, mwaka 1998, ndoa zikapunguka, studio ikavunjwa usiku mumoja, marehemu akabaki na Surua na mikono mitupu, na ni pale, mwezi wa tano 1999, alifanya ile kazi yenye familia haikutaka isomwe leo. Alitengeneza filamu ya kuogopesha. Aliipa jina «Zimu Iko Kwetu», akaipiga siku ine, tatu Nyantende na moja ndani ya jikoni ya Maman Adèle, kwa batri ya gari, damu ilikuwa tomate concentrée na mafuta ya mawese, na zimu mwenyewe alikuwa Chrispin, mushonaji wa uniformes, jirani yetu, amevaa gunia na nywele za mahindi. Papa Marcellin, fonctionnaire wa État, alienda kwake na kravati shingoni akamuambia, «Stani, watu wanakufa kweli kweli, na wewe unatengeneza kifo cha tomate? Hauna haya?» Marehemu akajibu, «Kaka, ya tomate inapangusikaka.»

Ilionyeshwa mara ya kwanza saa tisa ya muchana, ndani ya salle moja ya vidéo Kadutu, watu wamejaa mpaka kwenye madirisha, wakacheka tangu mwanzo, mpaka zimu ilipoingia nyumbani na kamera ikaanzia kwenye miguu yake. Chrispin alikuwa amevaa bottes za caoutchouc, viatu virefu vya mupira, kwa sababu Nyantende kulikuwa matope, hakuna mwenye aliwaza zaidi ya pale. Lakini salle yote ilinyamaza. Wale wenye walikimbia vijiji wanajua ni nani walikuwa wanaingia usiku na bunduki na bottes za namna ile, na Maman Agathe, mwenye alifika muji na wajukuu wawili tu, akasimama, akatoka, bila kulia. Marehemu akamufuata inje, akapiga magoti chini, «Maman, unisamehe, ilikuwa juu ya matope tu,» na yule mama akamuambia, «Utoe bottes. Zimu abakie.»

Alirudia ile sehemu, Chrispin miguu mitupu. Siku ya kuonyesha tena, Maman Agathe aliketi mbele, na ule muguu wa zimu ulipotokea, na ukucha mukubwa wa kidole gumba wenye commune yote inaujua, salle ikapiga kelele mara moja, «Chrispin, kata makucha!» na Maman Agathe akacheka mpaka akashikilia kiti cha mbele yake. Josué hakuwa pale. Josué aliangalia ile filamu mara ya kwanza juzi, marehemu tayari iko morgue, akaona kuku anapita kati ya hofu bila kujali, akaona Bintu anacheka wakati yuko analiwa na zimu, na ni pale alielewa kitu chenye faculté haikumufundisha. Filamu kubwa za inje zinakutisha na mutu mwenye haujue. Ya marehemu ilikutisha na jirani yako, ndani ya jikoni yenye unajua sufuria zake, na muji wenye woga wake haukuwa na mwisho ulipata woga mumoja wa dakika makumi tano, wenye unaweza kuutukana, kuuambia ukate makucha, kisha ukarudi nyumbani.

Tarehe 28 mwezi wa saba 2001, siku ya collation des grades, sherehe ya kupewa diplôme za université, wanafunzi wenzake walimuuliza Josué, na toge juu yake, «Eh, yule wa mazimu si ni tonton wako?» Josué akajibu, «Hapana, majina tu inafanana.» Marehemu alikuwa nyuma yake, na Surua begani, alikuja kumupiga filamu bila kuombwa. Akasema kwa wale vijana, «Ni kweli, ni majina tu,» akaomba pardon, akapita, na akapiga cérémonie yote mpaka mwisho.

Ugonjwa wa sukari ulimushika mwaka 2002, mafigo ikafuata, akaingia hospitali tarehe 2 mwezi wa tano 2003. Siku moja alimuuliza Josué, «Siku yangu mutasema nilikuwa nani?» Josué akajibu, «Photographe, tonton.» Akasema, «Sawa. Ndoa nazo zilikuwa nzuri.» Aliaga dunia tarehe 17 mwezi huu, saa ine ya asubuhi, Maman Adèle akimushika mukono.

Familia inashukuru waganga na ba infirmières wenye walimutunza hata siku zenye dawa zilikosekana, majirani wenye walileta kuni, maji na viti, choristes, Maman Agathe mwenye amelala hapa tangu siku ya kwanza ya matanga, na collègue wake Chrispin, zimu wetu, mwenye alishona costume yenye marehemu amevaa ndani ya sanduku.

Tonton Stanislas, mutengenezaji wa filamu za mazimu, tonton wa damu wa huyu Josué, ile haya ilikuwa yetu, haikuwa yako hata siku moja, usiibebe kule. Pumzika kwa amani, sisi tutabaki nayo.