Mzee Alisema Hajambo

Juu ya magunia ya mahindi, lori likielekea Kasesya, Justina alimweleza abiria mwenzake, muuza vitenge asiyemfahamu, jinsi baba yake alivyoruhusiwa hospitali akaja kufia nyumbani. “Daktari kasimama mlangoni: ‘Mzee, hujambo?’ Baba akajibu, ‘Sijambo.’ Basi, ruhusa!”

“Sasa dada, daktari angejuaje? Mgonjwa mwenyewe kasema hajambo.”

“Angempima! Glavu tulinunua wenyewe, zimerudi hazijafunguliwa. Mzee wa Kifipa asalimiwe na mgeni, aanze kulia shida? Hata roho ikimtoka angejibu hivyo hivyo.”

Muuza vitenge alikuwa bado anamtetea daktari lori liliposimama. Baltazari, jirani yao wa zamani, akampokea Justina mzigo. “Karibu, dada. Mzee hajambo?”

“Hajambo,” Justina akajibu, na neno lilikuwa limeshatoka.