Sostenes Mayala Hakuwa Mlevi

Kila asubuhi, kabla ya kuitikia shikamoo ya mtu yeyote, Sostenes Mayala alimega kipande cha sukari guru, akakitia mdomoni, akakaa kitandani mpaka kiishe. Ndipo aliposema, "Marahaba," mara nyingine kwa mtu aliyekwisha kuondoka. Wapo waliomwona ana majivuno.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika kijiji cha Usanda, Shinyanga, mtoto wa nne wa Mzee Mayala na Mama Kabula. Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, 1978 hadi 1984. Hesabu alizipenda. Kuandika kulimchosha, barua alizompelekea mchumba wake Suzana hazikuzidi mistari minne, na mmoja ulikuwa wa hali ya hewa.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika kinu cha kuchambua pamba mjini Shinyanga. Alifunga ndoa na Suzana tarehe 13 Agosti 1995. Kinu kilipofungwa mwaka 2001, familia ilihamia Geita, akawa mwendesha winchi katika machimbo madogo ya Nyarugusu, akiwateremsha wachimbaji shimoni kwa kamba na kuwapandisha. Kwa miaka ishirini hakumwangusha mtu.

Ugonjwa ulianza mwaka 2019. Alfajiri, tumbo likiwa tupu, alitokwa na jasho, akatetemeka, akaona vitu viwili viwili. Akila kitu kitamu, hali ilitulia. Akawa anakula kila mara, akanenepa. Mzee Velji, mwenye duka, alimtania, "Sostenes, wewe ni mtu au sisimizi?"

"Sisimizi gani mwenye kitambi hiki, Mzee Velji?"

Asubuhi ya tarehe 8 Juni 2021, winchi ilisimama mchimbaji mmoja, Mwita, akiwa katikati ya shimo. Alipiga kelele kutoka chini, "Sostenes! Umelala au umekunywa?"

Sostenes akajibu, "Treni imeshafika?"

Mwita alivutwa salama na wenzake. Sostenes, ambaye hakuwahi kuonja pombe, alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa ulevi. Jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani, na nyumbani nako waliliamini.

Mwezi Septemba kikundi cha maombi kilimwambia mkewe, "Mama Noela, roho ya ulevi haitoki mtu akiwa anakula." Ikapangwa afunge siku tatu. Binti yake Noela, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, ndiye aliyeichukua sukari guru na kuifungia kwenye begi la vitabu.

"Nipe kidogo tu, mwanangu."

"Vumilia, baba. Ni siku tatu."

Siku ya pili hakuomba tena. Alimtazama Noela kama mgeni, kisha akaanguka kwa degedege. Katika zahanati walimtundikia dripu ya sukari, na baada ya dakika chache aliketi, akauliza ibada imehamia zahanati tangu lini.

Mwaka 2022, hospitalini Mwanza, alifungishwa tena, safari hii ili apimwe. Saa ya kumi na nne ya kufunga, sukari ya damu ilikuwa imeshuka hadi 1.9, chini ya nusu ya kawaida, huku insulini ikiwa juu. Daktari alieleza, Noela akaandika. Kongosho hutoa insulini mtu anapokula, ili sukari iingie mwilini; asipokula, huacha kuitoa. Lakini katika kongosho la Sostenes ulikuwepo uvimbe mdogo kama punje ya karanga, usiojua kuacha. Ulimwaga insulini ameshiba au ana njaa, na insulini hiyo ikalizuia ini kutoa akiba yake ya sukari. Ubongo, ambao huishi kwa sukari, ulikosa chakula. Mtu wa hali hiyo huonekana amelewa. Uvimbe ulikuwa umekwisha kusambaa kwenye ini, upasuaji usingeumaliza.

Familia ilirudi Shinyanga. Kwa miaka miwili na nusu, mchana na usiku, kila baada ya saa tatu mmoja wao alimwambia, "Amka ule." Walichoka. Naye alichoka, akala.

Mwita alifika Desemba iliyopita na kilo mbili za sukari guru, akakaa jioni nzima, akasema maneno machache. Wakati wa kuaga aliomba jambo moja: siku ya maziko isomwe wazi, mbele ya watu wa machimboni, kwamba mtu huyu hakuwa mlevi. Limesomwa.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi. Ameacha mjane Suzana, watoto wawili, Noela na Selestine, mjukuu mmoja na dada yake Hosiana. Mungu ampe usingizi ambao hakuna atakayemwamsha ili ale.

Wiki mbili kabla, akimlisha uji, Noela alimuuliza swali alilokaa nalo zaidi ya miaka mitatu: "Baba, siku ile nilipokunyima sukari guru, ulinichukia?"

Alimeza kwanza.

"Siku ile hata jina lako sikuwa nalo, mwanangu. Ningemchukia nani?"