Vidonge vya Mafuta ya Samaki na Ulimi Wangu

Bwana asifiwe, kanisa! Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo? Mnanijua, mimi ndiye Baba Yona, fundi baiskeli wa hapa mtaani Kikuyu, kwetu Ugogoni. Na mnakumbuka niliwahi kusimama hapahapa nikashuhudia kwamba Mungu ameuponya moyo wangu kwa vidonge vya mafuta ya samaki. Leo nimekuja kusema kweli yote.

Ndugu zangu, siku ile nilikuwa sijarudi kupima! Daktari alishaniambia damu yangu ina kolesteroli nyingi, akanipa dawa za kumeza kila siku na kunikataza nyama yenye mafuta. Nikaona ananionea. Mgogo aache mbuzi, ale nini? Jamaa mmoja akaniuzia kopo la vidonge vinavyong'aa kama asali. Nikaacha dawa za hospitali. Asubuhi nameza vidonge viwili, jioni nachoma mbavu zangu kwa amani. Nikajisikia mwepesi, na sisi hapa mtu akijisikia vizuri hawezi kukaa kimya Jumapili. Nikashuhudia, mkapiga vigelegele, nami nikanogewa.

Baada ya ibada Mama Ndahani wa kwaya akaniuliza kopo linapatikana wapi. Nikamwelekeza. Hakuniambia kwamba naye anatumia dawa za moyo, wala mimi sikumuuliza. Miezi michache baadaye, katikati ya mazoezi ya kwaya, akashika kifua na kuketi sakafuni. Tulipomfikisha hospitali, daktari akamuuliza ameacha dawa tangu lini. Akajibu kwa sauti ndogo, "Tangu Baba Yona aliposhuhudia."

Ndugu zangu, sikuweza kumtazama! Nilitoka nje nikalia kama mtoto, nikamsihi Mungu asimchukue mama wa watu kwa sababu ya ulimi wangu. Kisha nikarudi ndani nikanyoosha mkono. "Daktari, na mimi nipime."

Majibu yakatoka. Aina moja ya mafuta kwenye damu ilikuwa imeshuka kidogo, lakini ile kolesteroli mbaya ilikuwa juu kuliko mwanzo. Daktari hakunigombeza. Alisema mafuta ya samaki si sumu, ila hayawezi kufanya kazi ya dawa nilizoziacha.

Mungu ni mwema! Mama Ndahani yule pale, amevaa sare yake ya kwaya. Alinisamehe kabla sijamaliza kuomba msamaha. Mimi nimerudia dawa, mbuzi namla kwa adabu, na kipimo cha juzi kimeshuka. Asante Yesu!

Ndugu yangu, mtumaini Bwana, na usiyaogope majibu ya damu yako. Najua wapo wengine walioacha dawa kwa maneno yangu, ila siwajui ni akina nani. Usione aibu, aibu ni yangu. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni. Nishike mkono tu, na kesho asubuhi tutakwenda wote kupima, nami nitakaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe jina.