Kwabena Boadi na Kivuli cha Mbwa wa Kijiji cha Tatu

Wazee wa ukoo, mchungaji, wafiwa wenzetu, na nyote mliofika hapa makaburini Tafo asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2023, mkiwa na nguo zenu nyekundu na nyeusi: tunayemzika leo ni kaka yetu, na haya ndiyo aliyoyaishi. Nayasoma mimi, Adwoa Pokuaa, dada yake anayemfuata. Familia iliketi ikakubaliana kwamba hatutayapaka sukari. Marehemu alikuwa mtu mwema, na alikuwa mtu wa wivu, na yeyote aliyemjua kwa moja bila la pili hakumjua.

Marehemu Kwabena Amankwatia Boadi alizaliwa Jumanne, tarehe 13 Machi 1979, Asante New Town, Kumasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Opanyin Kwasi Boadi, fundi wa reli, na Eno Ama Tiwaa, muuza mitumba wa soko la Kejetia, ambaye tunaye hapa mbele. Mama husimulia kwamba mdogo wake Kwabena alipozaliwa, yeye akiwa na miaka mitatu, aliketi mlangoni mchana kutwa akingoja wenye mtoto waje kumchukua. Jua lilipozama akamuuliza mama, "Kwani wamemsahau?" Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayewasomea.

Upande wa pili wa ua wa nyumba ileile alikaa mtoto wa rika lake, Yaw Asubonteng. Walioga pamoja na kuchapwa pamoja. Mwaka 1985 walianza pamoja shule ya msingi ya Methodist pale mtaani, na huko ndiko marehemu alikopata mzigo aliokuja kuubeba maisha yake yote: Yaw alikuwa wa kwanza darasani, Kwabena wa pili. Muhula baada ya muhula ilikuwa hivyo. Matokeo yakisomwa, kaka yetu hakuuliza yeye amepata ngapi. Aliuliza Yaw amepata ngapi.

Mwaka 1991 mjomba wetu Agyeman, aliyekuwa akifanya kazi Hamburg, alirudi Krismasi na mashine ya gemu. Pamoja nayo alileta kaseti moja, ya mchezo uitwao Kisima cha Saba. Kijana anazunguka vijijini akitafuta kisima kisichokauka. Watoto wa ua wetu wakauita Abura, yaani kisima, na jina likabaki hilo. Kila Krismasi mjomba alikuja na sehemu nyingine mpaka zikatimia tano. Hakuna hata moja iliyokuwa na kijitabu cha maelezo, na maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Kwa hiyo hatukujua hadithi yenyewe inasema nini. Tulikuwa tunaona tu.

Na tuliyoyaona yalikuwa ya ajabu. Mchimba visima alikufa katika sehemu ya kwanza, tukamzika wenyewe kwa kubonyeza pedi, kisha katika sehemu ya nne tukamkuta anauza samaki kijiji cha tatu, na hakuna anayeshtuka. Na katika kijiji hicho watu wote hawakuwa na vivuli, ilhali jua linawaka. Umeme ulipokatika, na kwa Kumasi ya wakati ule ulikatika sana, ndipo ubishi ulipoanza.

"Huyo muuza samaki ni pacha wa mchimba visima," Kwabena alisema.

"Na wasio na vivuli?" Yaw akauliza.

"Hao nao wana mapacha wao mahali fulani. Vivuli wamebaki navyo wenzao."

Yaw alicheka mpaka akalala chini. "We Kwabena, kila ukikwama unazaa pacha. Ungekuwa mwanamke tungekuhurumia."

Kaka yetu hakuongea naye wiki nzima. Alichokasirikia si kuchekwa. Alinieleza mwenyewe: ni kwamba alipokuwa chini pale anacheka, Yaw alionekana tayari ana jibu lake, na hakulitoa.

Baada ya sekondari, mwaka 1998, Yaw alikwenda chuo kikuu na Kwabena akaenda kujifunza ufundi wa redio na televisheni Suame. Tarehe 2 Aprili 2001 alifungua banda lake la gemu Bantama, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: ABURA. Wengi mliosimama hapa mmekulia humo. Alikuwa bosi mkali kwa mdomo tu. Mtoto akifika na njaa alimwagiza akanunue waakye, wali wa kunde, wa watu wawili, kisha akajifanya ameshiba. Mashine ikiharibika alitengeneza palepale huku anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya. Sehemu zote tano za Abura zilikuwepo, na aliyetaka kuzicheza alizicheza bure, mradi akubali kubishana.

Tarehe 23 Desemba 2006 alifunga ndoa na Afua Konama, mshonaji wa Bantama. Yaw, aliyekuwa mwalimu Accra wakati huo, alikuwa msimamizi wake. Siku moja kabla, bwana harusi alimpigia simu.

"Utavaa nini kesho?"

"Kente ya marehemu babu."

"Ile nzuri?"

"Kwabena, ni harusi yako. Nivae mbaya?"

"Vaa ya kawaida tu, bwana. Watu wasichanganyikiwe."

Yaw alivaa ya kawaida. Shemeji yetu Afua amesema tuliweke hili humu, maana ndiyo siku aliyojua ameolewa na watu wawili. Walijaliwa watoto watatu, Nyarkoa, Tiwaa na Kwasi, na kila alipozaliwa mmoja, baba alimpima urefu kisha akauliza watoto wa Yaw walizaliwa na urefu gani.

Mwaka 2011 Yaw alilitoa lile jibu. Alirekodi video nyumbani kwake Accra, akaiweka mtandaoni. Alisema kwamba mwishoni mwa sehemu ya kwanza, kisima cha kijiji cha tatu kinapofurika, hakuna aliyepona humo. Wote tunaokutana nao kijijini humo baada ya hapo ni marehemu. Ndiyo maana hawana vivuli, na ndiyo maana mchimba visima akiuza samaki hakuna anayeshtuka: amefika walipo wenzake. Mashabiki wa Abura duniani kote, Brazili, Ufaransa, Japani kwenyewe, wakaipokea nadharia hiyo kana kwamba wameletewa maji. Maelfu kwa maelfu waliitazama.

Kaka yetu aliisikia bandani kwake mwenyewe, kutoka kwa wateja wake.

"Bosi, kumbe wale wote wamekufa. Kuna mwalimu mmoja wa Accra amechambua, we acha tu."

"Muda wako umeisha," Kwabena akasema.

"Bosi, ndiyo kwanza nimekaa."

"Umeisha."

Hakuwahi kusema kwamba nadharia ile ni mbaya. Hapo ndipo palipomchoma. Nyumbani, akiwa anakula fufu, alisimamisha mkono juu ya bakuli akamwambia mkewe, "Ni sahihi, Afua. Mpumbavu yule yuko sahihi," kisha akanawa bila kumaliza. Tangu siku hiyo alicheza kijiji cha tatu kama mtu anayetafuta ufa ukutani.

Aliupata mwezi Juni 2014, mchana mmoja wa mvua, banda likiwa tupu. Karibu na ghala la kijiji cha tatu kuna mbwa, hupita upesi nyuma ya uzio. Kwabena alimsimamisha kwenye kioo akasogea mpaka pua ikagusa. Mbwa alikuwa na kivuli. Alinipigia simu mimi kwanza, akicheka peke yake, kisha akampigia Yaw.

"Katika kijiji chako cha maiti kuna mbwa mwenye kivuli," alisema. "Haya, eleza."

"Umeniua, Kwabena," Yaw akasema.

Kaka yetu alisema hakuna supu iliyowahi kumwingia tamu kama maneno yale mawili. Lakini kabla hajakata simu, Yaw akasema polepole, "Ngoja. Ngoja kidogo. Mbwa huyo hubweka kila akikutana na mtu. Katika vijiji vingine mbwa hawabweki. Kwabena, mbwa yuko hai. Ni yeye peke yake aliye hai, na anawaona."

Kwabena alikata simu. Yaw alirekodi video ya pili, na akamtaja waziwazi: rafiki yangu Kwabena Boadi wa Bantama ndiye aliyegundua mbwa. Nadharia iliyokuwa nzuri sasa ikawa haitikisiki. Watu wasiomjua wakaanza kumwandikia kaka yetu kumshukuru kwa mchango wake. Walimwita mtu wa mbwa. Alisema angependelea kuibiwa. Mtu akiibiwa hupewa pole. Hii ya kushukuriwa kwa kumjengea adui nyumba hakujua aipeleke wapi. Zilipita zaidi ya Krismasi mbili hawajaonana, mpaka Afua alipompigia Yaw mwenyewe akamwambia, "Shemeji, njoo. Mume wangu anakukasirikia vibaya, hana hata wa kumwambia."

Yaw alikuja. Hawakusameheana, kwa kuwa hapakuwa na kosa. Walikaa wakabishana.

Mwezi Februari 2021 mzee mmoja wa Kijapani, aliyekuwa miongoni mwa waliotengeneza Abura, alihojiwa akaulizwa kuhusu vivuli. Akajibu kwamba mashine za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo. Kijiji cha tatu kilijaa, wakaondoa vivuli vya watu ili mchezo uingie. Na muuza samaki? Walikosa nafasi ya kuchora sura mpya, wakarudia ya zamani. Basi.

Habari zilipofika Bantama, kaka yetu alifunga banda na kuwanunulia soda za malta wote waliokuwepo. Siku ile aling'aa. Tulimwona akitembea barabarani anasalimia hata watu aliokosana nao. Kisha mashabiki walewale waliomwinua Yaw wakaanza kumcheka. Walimtungia vichekesho, wakamwita mwalimu wa maiti. Yaw akafuta video zake zote.

Kwabena alipoona zimefutwa alimpigia palepale. Nilikuwepo, nikasikia.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Acha, Kwabena. Umeshinda. Furahi."

"Nani ameshinda? Mimi nimekupinga tangu tuko wadogo, usingizi wangu umeishia kwako, halafu mzee anatoka huko Japani asiyekujua hata jina, anakumaliza kwa maneno mawili? Na hao wanaokucheka, walikuwa wapi? Wewe ni wa kushindwa na mimi."

Jumapili iliyofuata, akiwa bado na suti ya kanisani, alirekodi video yake ya kwanza na ya mwisho. Haikuwa ndefu. Alimwonyesha mbwa, akaonyesha kivuli, akasema kwa Kiingereza chake cha Suame kwamba anamheshimu sana mzee, na anaamini kwamba nafasi ilikuwa haitoshi. Ila ana swali. Kama nafasi haikutosha, na wanadamu wote wakanyimwa vivuli, nani alikaa mezani akaamua kumpa mbwa, na kwa nini?

Wengi walijaribu kulijibu, na hadi leo tunavyosoma hapa hakuna jibu lililowatosheleza mashabiki. Liliitwa swali la Kumasi. Watu walirudi kwenye nadharia ya Yaw, wakamwomba azirudishe video, akazirudisha. Lakini safari hii jina lililotangulia lilikuwa la Kwabena. Yaw alimpigia akamwambia, "Nimeulizwa leo kama mimi ndiye rafiki wa yule bwana wa swali. Sikula mchana."

"Pole," Kwabena akasema. Kisha akatuita wote sebuleni, akamwambia Yaw arudie.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Kuanzia Oktoba alikuwa akisafishwa damu hospitalini hapa Kumasi. Aliugua bila kulalamika, isipokuwa kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekuwa akipata wageni wengi zaidi. Yaw aliomba uhamisho wa kikazi, akahamia Kumasi mwezi Januari, akawa anaingia wodini kila jioni na pedi mbili na televisheni ndogo. Kicheko chao kilifika korido. Afua alivumilia, kisha siku moja akaweka bakuli chini.

"Supu isiyo na chumvi nakupikia mimi, miguu nakukanda mimi. Kucheka unacheka na huyu."

Kwabena alimtazama, akamsogezea pedi ya Yaw. "Kaa," akasema. "Nikufundishe. Yeye atazame."

Afua alicheza mpaka wageni walipofukuzwa, na Yaw alisimama dirishani amefunga mikono, uso umemshuka. Mume wake alifurahi sana, kwa sababu zote mbili.

Siku chache kabla ya kututoka aliniita, akaagiza kwamba wasifu wake usisomwe na Yaw. "Ataupendezesha," alisema. "Watu watatoka makaburini wanamzungumzia yeye." Alifariki Ijumaa, tarehe 4 Agosti 2023, asubuhi, mkewe akimshika mkono wa kulia na rafiki yake wa kushoto, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mama, mjomba Agyeman, mke, watoto watatu, dada mmoja, na watoto wa Bantama tusioweza kuwataja kwa majina. Ameacha pia Yaw Asubonteng, aliyesimama pale nyuma kwa hiari yake, amevaa nguo ya kawaida kabisa.

Kaka, hakuna aliyezungumziwa zaidi hapa leo kuliko wewe. Mungu akupokee, akulaze mahali ambapo hakuna wa kwanza wala wa pili, nawe upumzike.